Sauti ya Kwanza Haikuimbwa

Kwaya ilipoanza kuimba, Keneuwe alifumba macho. Watu ukumbini walidhani ni furaha.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Julai, na baridi ya Bloemfontein ilikuwa ile inayopenya blanketi ikakukuta kwenye mfupa. Ukumbi wa kanisa ulinuka mafuta ya taa kwa sababu ya hita mbili zilizowashwa pembeni. Walimweka kiti cha mbele, peke yake, kama bibi harusi au kama mshtakiwa. Nyuma ya sikio lake la kulia kilikaa kile kifaa kipya cha kusikilia, na juu yake, ndani ya nywele, kile kidude cha sumaku kilichoshikamana na kichwa chake. Kilemba alikuwa amekifunga upande ili watu wakione. Mama wa mchumba wake, Lefa, ndiye aliyetaka hivyo. "Wakione," alisema. "Wamekiombea."

Na kweli walikiombea. Kabla ya maradhi, Keneuwe ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ile. Akifungua kinywa, hata watoto waliokuwa wakikimbizana nje walisimama. Kisha kikaja kifua kikuu, kile sugu kisichosikia vidonge vya kawaida. Sindano zilimponya mapafu zikamla masikio. Miaka miwili aliishi ndani ya ukimya kama mtu aliye chini ya maji, akiona midomo ya watu inafunguka na kufungika. Lefa, mchumba wake na mwalimu wa kwaya, hakumkimbia. Alijifunza kusimama upande wa dirisha ili mwanga umpige mdomoni akiongea. Alijifunza kunyamaza asipokuwa na la muhimu, na kwa mwanamume msemaji kama yeye hilo halikuwa jambo dogo.

Mwezi wa Mei madaktari wakampasua nyuma ya sikio. Mwezi wa Juni wakakiwasha kifaa. Na leo Lefa alikuwa amemleta hapa asikie wimbo aliomtungia katika ile miaka ya kimya, wimbo ambao hakumwonyesha hata neno lake moja, kwa sababu alitaka uwe zawadi.

Basi Keneuwe alifumba macho. Mtaalamu wa masikio kule hospitali alimwambia awe anajaribu kusikia bila kutazama midomo.

Zilikuja kwanza sauti za kiume, au alidhani ni za kiume. Zikafuata nyingine, na palepale zote zikagandamana zikawa kitu kimoja, kelele pana na kavu, kama bati linaloburutwa juu ya changarawe, na juu yake mluzi mwembamba usiopanda wala kushuka. Aliutafuta wimbo ndani ya kelele ile kama alivyokuwa akitafuta pini iliyoanguka kwenye zulia, kwa kupapasa taratibu na kwa hofu ya kuchomwa. Laiti angeyajua maneno, angeyashika kama mtu anavyoshika ukuta penye giza. Hakuyajua. Kitu kimoja tu kilimfikia kama kilivyo, nacho ni miguu. Wanakwaya walikuwa wakikanyaga sakafu ya mbao, na ule mkanyago ulikuwa wa kweli, wa zamani, haukuharibika hata kidogo. Akaung'ang'ania. Machozi yakamtoka kwa uchovu.

Ukumbi uliona machozi ukaanza kupiga vigelegele. Wimbo ukaisha.

Alipofumbua macho, Lefa alikuwa mbele yake. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso licha ya baridi, na macho yake yalikuwa yale ambayo Keneuwe alikuwa akiyaogopa tangu Juni, macho ya mtu anayesubiri kupewa kitu.

"Umeusikiaje?" aliuliza.

Watu wote wakawageukia.

"Mzuri," Keneuwe alisema. Alijua hilo halitoshi. Halijawahi kutosha. "Mzuri mno, Lefa. Hasa pale sauti ya kwanza ilipopanda juu. Mwili wote umenisisimka."

Lefa hakutabasamu. Nyuma yake, Nkamoheleng, yule msichana mrefu aliyekuwa msaidizi wa Keneuwe katika sauti ya kwanza, alijiziba mdomo kwa kiganja. Wasichana wenzake wakatazama viatu vyao.

"Sauti ya kwanza," Lefa alirudia polepole.

"Ndiyo. Pale katikati."

Mama yake Lefa aliinuka kutoka benchi la pembeni. Alikuwa mjane wa mtu aliyeianzisha kwaya ile, mwanamke mnene, mpole, mwenye blanketi la Kisotho begani, na akiinuka yeye huwa wengine wanakaa.

"Mwambie," alimwambia mwanawe. "Au nimwambie mimi?"

"Mama, tafadhali. Si hapa."

"Kene, mwanangu." Alikuja mpaka mbele yake ili midomo yake isomeke. "Sauti ya kwanza haikuimbwa. Wasichana walisimama tu wamefunga midomo. Mwenzako ameiacha sehemu hiyo wazi. Anasema ni yako, na hakuna mwingine atakayeigusa mpaka urudi."

Keneuwe alikamata nusu kwa sikio na nusu kwa macho, lakini lile neno haikuimbwa alilikamata lote.

"Wiki zote hizi unatuambia unasikia," mama aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Siku ile ya meza ya Bwana ulilia kwa wimbo, nikaenda nyumbani nikapiga magoti. Kumbe nilikuwa namshukuru Mungu kwa maigizo?"

"Mama!" Lefa alisema.

Keneuwe alisimama. Akajifunika blanketi, akapita kati ya viti, akatoka.

Lefa alimkuta nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta unaopigwa na jua. Akasimama mbele yake, mwanga usoni, kwa mazoea.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ulikuwa unaniuliza."

"Hilo nalo ni jibu?"

"Kila siku, Lefa. Asubuhi, unasikia? Mchana, na huu je? Unaniwekea simu sikioni halafu unanikodolea macho kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli!"

"Haya, ukweli ni huu. Nyimbo zote ni bati. Zote. Za kanisani, za harusi, za redioni. Kinanda chako ukibonyeza huku na ukibonyeza kule, ni kitu kilekile. Siku ile uliyonipigia ule wimbo wa mama yangu, nilijua ni wenyewe kwa sababu ulikuwa unatamka maneno. Ulipoacha maneno ukapiga tu, nilipotea."

"Mtaalamu alisema muda utasaidia."

"Alisema pia huenda muziki usirudi kama zamani. Nilisoma mdomo wake. Wewe mwenye masikio hukusikia?"

Upepo ulipita kwenye kifaa ukamletea Keneuwe mshindo kama wa karatasi inayokunjwa. Akakunja uso. Alipomtazama tena, Lefa alikuwa amesema kitu, na kitu hicho kilikuwa kimempita.

"Rudia."

"Nimesema, na sauti yangu?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia kuliko yote. Kwa maana alimpenda Lefa kwanza kwa sauti. Kabla hajamjua kwa sura, alimsikia akifundisha besi nyuma ya mlango uliofungwa, akasimama kwenye korido na mkoba begani mpaka mazoezi yakaisha. Miaka yote miwili ya kimya alikuwa ameiweka sauti ile kichwani kama nguo ya sikukuu, haivai kila siku isije ikachakaa.

"Siijui," alisema.

"Huijui vipi?"

"Ukiongea wewe, na akiongea yule mzee anayeuza machungwa pale kona, kwangu ni mtu mmoja. Nakujua kwa uso. Ukigeuka tu, unakuwa mtu yeyote."

Lefa alirudi nyuma hatua moja. Mwanamume yule ambaye hakulia hospitalini wala siku ya upasuaji, alikunjamana uso kama mtoto.

"Nimesubiri, Kene. Miaka miwili nimesubiri."

"Umemsubiri nani?"

"Wewe!"

"Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunakaa meza moja. Nilikuwa nakupashia moto chakula. Wewe ulikuwa unamsubiri yule mwingine, yule wa sauti ya kwanza, umemwachia nafasi mpaka kwenye wimbo. Lefa, yule hayupo. Amekufa. Nimemzika mwenyewe, kwa sababu nyote mlikataa kuja msibani."

"Usiseme hivyo."

"Unaona? Hata sasa hutaki."

Alianza kujibu, maneno mengi, haraka, mikono ikipiga hewa kama anaongoza kwaya. Keneuwe alijaribu kumfuata. Upande mmoja midomo, upande mwingine ule mkwaruzo sikioni, na kichwa chake katikati kikivutwa huku na kule kama ng'ombe aliyefungwa kamba mbili. Akainua mkono, akang'oa kile kidude cha sumaku kichwani.

Ulimwengu ukanyamaza.

Lefa aliendelea kidogo, kisha akaona kilichotokea, akaacha.

"Nimechoka," Keneuwe alisema, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, hakujua kama amenong'ona au amepiga kelele. "Hujui kusikiliza kunavyochosha. Ninyi mnasikia hata mkiwa mmelala. Mimi kila neno nalibeba kwa mikono." Akafunga kidude kwenye kitambaa akakitia mfukoni. "Mpe Nkamoheleng sehemu yangu. Ukishampa, njoo. Kama huwezi, usije."

Hakungoja aone mdomo wake unajibu nini.

Keneuwe alikuwa akiishi na Shangazi Disebo, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwembamba asiyeogopa mtu. Hapo ndipo alipokuwa akishona magauni ya vitambaa vya buluu ambavyo wanawake wa Kisotho huvalia harusi. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu alishona. Cherehani ilikuwa rafiki wa pekee wa kifaa kile. Haikuwa na sauti nzuri wala mbaya, ilikuwa na mwendo, na mwendo sikio lake lilikuwa linauweza.

Jumanne mama yake Lefa akaja. Hakuja na mtu wa kumsindikiza kama ilivyo desturi ya wakwe, jambo lililoonyesha kwamba hakuja kwa heri. Shangazi Disebo alimpa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, akakaa mkabala naye.

"Mama Lefa, sema. Chai ya mgeni haipoi mezani kwangu bila sababu."

"Disebo, mimi na wewe ni watu wazima. Nimekuja kuomba hawa watoto waachane kwa amani."

"Alaa! Kwani mnaoa mke au mnaajiri mwimbaji?"

"Usinitukane. Mimi ndiye niliyemfulia mashuka alipokuwa anakohoa damu."

"Najua, na Mungu anajua. Ndiyo maana sijakutoa nje."

Mama yake Lefa hakukasirika. Alizungusha kikombe mikononi. "Simchukii. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Lakini mwanangu anakaa mbele ya kinanda hapigi. Nyumba ile ni ya nyimbo, Disebo. Watu wakija wanaimba, wakifa wanaimbwa. Sasa waoane, mmoja akiimba mwenzake avue masikio yake ayaweke mfukoni? Wataishije?"

Keneuwe aliacha kushona. Alikuwa amewakabili, na kifaa kilikuwa kichwani.

"Mama, nimesikia nusu," alisema. "Lakini nusu inatosha."

Yule mama aligeuka kumtazama. Wakatazamana kitambo, na Keneuwe aliona kwamba chini ya macho ya mwanamke huyu palikuwa na weusi uleule anaouona yeye kwenye kioo.

"Unampenda?" mama akamuuliza, akitamka polepole.

"Nampenda. Ila sina nguvu tena za kumfurahisha."

Mama alishusha kikombe chake. Kisha, kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea, kona ya mdomo wake ikatikisika.

"Mume wangu marehemu," alisema, "nyimbo zake zilikuwa ndefu. Ndefu! Beti haziishi. Nilimpigia makofi mpaka tukamzika. Sikuwahi kumwambia."

Shangazi Disebo akaangua kicheko akamwaga tangawizi. "Zilikuwa ndefu, Mama Lefa! Sisi wa benchi la nyuma tulikuwa tunalala!"

"Nyamaza wewe." Lakini naye alikuwa anacheka, na anafuta macho. Alipoinuka kuondoka, aliweka mkono juu ya bega la Keneuwe, mkono mzito na wa moto. "Hili halijabadilisha neno langu," alisema. "Bado sitaki. Ila kama ni kumwambia, mwambie yote. Usiwe kama mimi."

Jumamosi Lefa alikuja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Shangazi alikuwa amekwenda msibani kwa jirani, na Keneuwe alikuwa jikoni, kifaa kichwani, ameinjika matumbo ya ng'ombe tangu asubuhi, kwa sababu matumbo hayataki haraka. Mlango uligongwa. Mgongo wa mtu ulikuwa dirishani, kofia, mabega yaliyoshuka. Akafungua.

Lefa alionekana kama mtu aliyebeba mizigo kutwa. Hakumbusu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha watu wasio na uhakika wa kukaribishwa.

"Nimempa," alisema.

Keneuwe alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameomba hilo, na bado lilimchoma.

"Akaimba?"

"Mara ya kwanza alikosea, akalia, akasema anaona anakuibia. Nikamwambia umemtuma wewe. Mara ya pili akaimba."

"Ikoje?"

Lefa alitazama kofia yake. Kisha akakumbuka, akainua uso ili midomo ionekane. "Nzuri. Nilikuwa natamani isiwe nzuri, Kene. Lakini nzuri. Imekamilika." Akaikunja kofia. "Nilipofika nyumbani ndipo nikalia. Mama akadhani umekufa."

"Ulilia nini?"

"Ulisema nilikataa kuja msibani. Basi nimekuja."

Keneuwe alitaka kwenda kumshika kichwa, na alitaka pia kumwambia arudi kwao alale, maana wote wawili walikuwa hawafai kwa lolote siku ile. Hakufanya hata moja.

"Sitaimba tena, Lefa. Labda nitaimba jikoni, vibaya. Na labda siku moja nyimbo zitaacha kuwa bati, labda hazitaacha. Siwezi kukuahidi."

"Sikuombi uahidi."

"Na usiniulize kila siku."

"Sitakuuliza."

"Utaniuliza. Nakujua."

"Nitajizuia." Akasugua macho kwa viganja. "Mimi nami nimechoka, Kene. Nimechoka kutumaini kwa niaba ya watu wawili. Mama hataki. Wajomba wameanza kunong'ona. Sijui kesho tutaambiana nini. Ninajua tu kwamba leo sikuweza kwenda mahali pengine."

Hiyo haikuwa kauli ya mapenzi ya kwenye nyimbo. Keneuwe aliichukua hivyohivyo, kama mtu anavyopokea ugali wa jana akiwa na njaa.

"Utakula?" akamuuliza.

Lefa aliitikia kwa kichwa. Keneuwe akageukia jiko. Akafunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akachukua mwiko akaanza kugeuza matumbo yasishike chini. Mawazo yake yalikuwa mbali. Yalikuwa kwa Nkamoheleng, kwa yule msichana mrefu anayelia huku anaimba, na alikuwa akijiuliza kama ampelekee kitu wiki ijayo, labda kitambaa cha gauni.

"Chumvi umetia?"

"Nimetia. Usianze."

Aligeuza mwiko mara moja zaidi, kisha mkono ukasimama.

Nyuma yake kiti kililia. Lefa alikuwa ameinuka. Wala hakusogea zaidi ya hapo.

Keneuwe alibaki amempa mgongo. Midomo ya Lefa ilikuwa upande wa pili wa kichwa chake. Mbele yake palikuwa na ukuta, moto na mvuke. Na bado alikuwa amejibu, bila kufikiri, kama mke yeyote anavyomjibu mume yeyote anayeingilia mapishi.

"Kene," sauti ilisema.

Haikuwa ile ya korido. Ile ilikuwa nzito na laini. Hii ilikuwa nyembamba, yenye mchanga, kama ya mtu anayeongea kupitia bomba. Ungemwambia zamani kwamba hii ndiyo sauti ya Lefa, angecheka. Lakini haikuwa ya mzee wa machungwa. Ilikuwa na namna yake ya kuchelewa kidogo kabla ya neno, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu, na namna hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Hakuwa na nguvu za kushangilia wala za kumkimbilia. Alishika ukingo wa jiko akafumba macho.

"Ongea," alisema, bila kugeuka.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ila usiimbe."

Kisha Lefa, akiwa amesimama palepale karibu na mlango, akaanza kumweleza kuhusu ukumbi ule, kwamba hita moja iliharibika katikati ya mazoezi, kwamba wanaume wa besi waligombania ile iliyobaki kama watoto, kwamba mzee mmoja aliunguza ncha ya koti lake akaendelea kuimba bila kujua, mpaka moshi ukafika sauti ya pili.

Maneno mengine yalimpita, mengine aliyashika. Keneuwe alipunguza moto chini ya sufuria, akasikiliza.